Nina miaka 32 na nafundisha sekondari: je, nimechelewa kuwa profesa wa hisabati?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya serikali mkoani Singida. Nina miaka 32, mke na mtoto mmoja. Shahada yangu ni ya Sayansi na Ualimu, nilimaliza na GPA ya 3.9, lakini sikubakizwa chuo. Ndoto yangu tangu zamani ni kuwa profesa wa hisabati. Nimesoma mahali kwamba hisabati ni kazi ya vijana, kwamba mtu akipita miaka 30 bila kugundua kitu basi tena. Je, nimechelewa? Na nieleze ukweli: profesa wa hisabati anafanya nini siku nzima? Wenzangu shuleni wananicheka, wanasema hisabati ilishamalizwa na Wagiriki, kilichobaki ni kuifundisha tu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hujachelewa. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza mambo ambayo yangepaswa kukutia wasiwasi kuliko umri.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo kazi yetu sote wawili. Tuseme unaanza uzamili mwakani ukiwa na 33 na unamaliza na 35. Uzamivu kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne, ila kwa mtu anayefundisha huku anasoma, weka sita. Una 41 na sasa ni Mhadhiri. Mbele yako kuna Mhadhiri Mwandamizi, kisha Profesa Mshiriki, kisha Profesa. Kila ngazi inadai angalau miaka mitatu pamoja na machapisho ya kutosha. Mimi naweka minne minne, kwa sababu vikao huahirishwa na majarida huchelewa. Unafika uprofesa kamili ukiwa na 53. Kwenye vyuo vya umma, wahadhiri waandamizi na maprofesa hustaafu kwa lazima wakiwa na 65, si 60 kama watumishi wengine. Unabaki na miaka 12 ya kuitwa Profesa bila mabano. Na hapo nimekuhesabia kwa ukali. Wapo watakaokwenda haraka kuliko hivyo, na wapo watakaostaafu wakiwa wahadhiri waandamizi, wameheshimika na wamefundisha nusu ya walimu wa nchi hii.

Hao wanaosema hisabati ni ya vijana hawakulitunga wao. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliliandika mwaka 1940, akiwa na miaka 60 na zaidi, akiona nguvu zake zimemwishia. Nishani ya Fields, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwetu, nayo hutolewa kwa walio chini ya miaka 40, na hilo limewafanya watu waamini kwamba baada ya hapo mtu hana chake. Mwingereza mwingine, Andrew Wiles, alitangaza uthibitisho wa thiorem ya mwisho ya Fermat, fumbo lililowashinda wanahisabati kwa karne tatu, Juni 1993, likaonekana pengo, akalifunika Septemba 1994. Wakati huo ana miaka 41. Nishani ikampita kwa umri tu, na ilibidi mwaka 1998 wamtengenezee tuzo ya pekee yake.

Lakini mtu ninayetaka umjue ni mwingine, kwa kuwa habari yake inajibu pia swali la wenzako wa shuleni.

Chukua namba tasa unazowafundisha kidato cha kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Euclid alishathibitisha kwamba haziishi. Hapo wenzako wako sawa, Wagiriki walifanya kazi. Sasa tazama zinazofuatana kwa kupishana mbili tu: 3 na 5, 5 na 7, 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Hizo ni namba tasa pacha. Je, nazo haziishi? Mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza anaelewa swali. Hakuna mtu duniani, hadi leo, anayeweza kulithibitisha jibu lake. Kadiri unavyopanda kwenye namba kubwa, namba tasa zinazidi kuwa adimu, na mapengo kati yake kwa wastani yanapanuka. Kwa hiyo ilikuwa haijulikani hata jambo dogo zaidi: kama kuna kikomo chochote, hata kiwe kikubwa namna gani, ambacho jozi za namba tasa zinaendelea kupishana chini yake bila mwisho.

Mwaka 2013 jibu la hilo dogo lilipatikana. Aliyelitoa ni Yitang Zhang, aliyezaliwa China mwaka 1955. Ujana wake uliliwa na Mapinduzi ya Utamaduni. Aliingia Chuo Kikuu cha Peking mwaka 1978 akiwa ameshapita umri wa kawaida wa kuanza chuo, akaenda Marekani, akapata uzamivu Purdue mwaka 1991. Kazi ya chuo hakupata. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa vibarua, pamoja na kutunza vitabu vya hesabu kwenye mgahawa wa Subway wa rafiki yake. Mwaka 1999 akapata nafasi ya mhadhiri Chuo Kikuu cha New Hampshire, anafundisha kalkulasi kwa wanafunzi wa mwanzo, wala si profesa. Mwaka 2001 alichapisha makala moja. Baada ya hapo, kimya.

Julai 2012 alikuwa mapumzikoni kwa rafiki yake huko Colorado. Akatoka nyuma ya nyumba kuangalia kama paa watatokea, na akiwa amesimama pale akaona namna ya kupita pale alipokuwa amekwama. Aprili 2013 alituma makala kwenye jarida la Annals of Mathematics, na wapitiaji wakaikubali ndani ya wiki chache, kitu ambacho kwetu hakitokei. Alithibitisha kwamba kuna jozi za namba tasa zisizo na mwisho zinazopishana kwa chini ya milioni 70. Usicheke hiyo milioni 70. Kabla yake kikomo hakikuwepo kabisa, na kazi yote ilikuwa kutoka kwenye kutokuwepo hadi kuwepo. Baada ya mlango kufunguka wengine wakamiminika: kijana James Maynard akaja na njia yake mwenyewe na kushusha hadi 600 mwaka huohuo, na kundi la wanahisabati waliokuwa wakishirikiana hadharani mtandaoni wakafika 246. Kufika 2 bado. Zhang, akiwa anakaribia 60, akapandishwa kuwa profesa.

Nimekusimulia habari hii kwa sababu moja ambayo si ya kukutia moyo. Kwa mfumo wetu wa kupanda vyeo kwa pointi za machapisho, Zhang asingevuka ngazi hata moja kati ya 2001 na 2013. Angeandikiwa barua ya kuulizwa kwa nini hazalishi.

Na hapo ndipo kazi ya profesa wa hisabati ilipo, Mwalimu. Sehemu kubwa ya utafiti wa hisabati ni kukwama. Mwanabiolojia ana maabara: jaribio likifeli, bado ana data za kuonyesha. Mwanahisabati aliyekwama miezi minane ana rundo la karatasi zilizokatwakatwa kwa kalamu, na hawezi kuzipeleka kwenye kikao chochote. Anajua njia tano zisizofika, na huo ni ujuzi halisi, lakini haupewi pointi. Kwa hiyo swali langu kwako halihusu umri. Je, unaweza kukaa na swali lisilokubali kufunguka, mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, huku asubuhi unafundisha kama kawaida na nyumbani wanakuona umekaa tu?

Sasa siku yenyewe. Muhula ukiwa umefunguliwa, profesa wa hisabati ni mwalimu kama wewe, ila darasa ndilo kubwa zaidi. Hisabati ni kozi ya huduma: wahandisi wanaihitaji, watu wa kompyuta, wa uchumi, wa biashara, wa ualimu. Kwa hiyo idara ya hisabati hubeba wanafunzi wa chuo kizima wa mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa hadi wengine wamekaa kwenye ngazi, na kipaza sauti kimekufa betri. Kuna mihadhara, kuna semina za mazoezi, kuna majaribio mawili kwa muhula, halafu mtihani wa chuo. Mtihani unatungwa mapema, unapitiwa idarani, na baadaye karatasi zilizosahihishwa hupitiwa na mtahini wa nje anayetoka chuo kingine. Kusahihisha kalkulasi ya mwaka wa kwanza ni kazi ya kimwili. Unafungua kitabu cha majibu, unakuta kijana ametofautisha vizuri kabisa kisha ameandika kwamba mzizi wa jumla ya miraba ya namba mbili ni jumla ya namba zenyewe. Ni lile kosa la kidato cha pili ulilolikemea wewe Singida, limepanda basi likaja chuoni. Baada ya matokeo wanakuja mlangoni walioshika sapu, yaani mtihani wa kurudia, na wale wanaoogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na kila mmoja ana habari yake ya nyumbani. Anayefikiri profesa wa hisabati anaishi na namba tu hajawahi kukaa ofisini kwake wiki ya matokeo.

Mzigo huo hautapungua karibuni. Ufaulu wa Hisabati kidato cha nne umekuwa ukichezea karibu na asilimia 25 au chini ya hapo kwa miaka mingi, na watoto wanaotoka huko ndio tunaowapokea. Profesa aliyechapisha kwenye majarida makubwa bado anasimama mbele ya darasa kueleza kwa nini huwezi kugawa kwa sifuri. Binafsi sioni aibu yoyote hapo. Baadhi ya wenzangu wanaona.

Mchana una vikao. Vikao vya idara, vya bodi ya masomo, vya mitaala, vya manunuzi hata. Kuna kusimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu: unasoma sura ya tasnifu mara ya nne, unaona ishara ya kutoa iliyopotea ukurasa wa 12 imeharibu kila kitu hadi ukurasa wa 40, unamwita mwanafunzi na kumwambia kwa upole. Utafiti wako mwenyewe unapata mabaki: alfajiri, usiku, likizo ndefu, na zile saa ambazo umeme ukikatika huna la kufanya ila kalamu na karatasi, ambazo kwetu zinatosha.

Makala ikikamilika, unaiandika kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati, na kuituma kwenye jarida. Hisabati haina haraka. Mpitiaji lazima afuate uthibitisho mstari kwa mstari, naye ana wanafunzi na vikao vyake, hivyo mwaka mzima kabla ya kujibiwa ni jambo la kawaida. Daktari wa mifugo wa umri wako atakuwa na machapisho kumi ukiwa na matatu. Utazoea, ila kamati ya kupandisha vyeo haitazoea, nawe itabidi uwaelimishe.

Kuna hili pia, dogo lakini limewaumiza watu. Kwenye hisabati tupu, ile isiyolenga matumizi ya moja kwa moja, waandishi wa makala moja hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Hakuna mwandishi wa kwanza wala wa mwisho. Fani nyingine nyingi, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, na wao ndio wengi kwenye kamati. Sasa tazama orodha ya majina ya nchi hii: Massawe, Mushi, Mwakalinga, Mrema, Msuya. Mtanzania aliyeshirikiana na Andersson wa Sweden atakaa wa pili maisha yake yote, na siku moja mjumbe wa kamati, mtaalamu wa udongo, atauliza kwa nia njema kabisa kwa nini huyu bwana hajawahi kuongoza utafiti. Ambatisha maelezo ya utaratibu huo kwenye faili lako mapema, kabla hawajauliza.

Shinikizo la kuchapisha haraka ndilo linalowasukuma wengine kwenye majarida ya kulipia, yale yanayokukubalia makala ndani ya siku nne na kukutumia namba ya akaunti. Yaepuke. Pointi utapata leo, lakini siku ya uprofesa faili lako hutumwa kwa wasomi wa nje ya chuo, na hao wanayajua majarida hayo kwa majina.

Uwanja wa kuchagua nao una siasa zake. Idara nyingi za Afrika Mashariki zimeegemea hisabati tumizi, hasa modeli za magonjwa: malaria, kipindupindu, VVU. Mzizi wake ni wa heshima. Ronald Ross, yule aliyegundua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, ndiye pia aliyeandika milinganyo kuonyesha kwamba si lazima uue mbu wote, bali uwapunguze hadi chini ya kiwango fulani ambapo ugonjwa hauwezi tena kujiendeleza. Huo ni ugunduzi wa kihisabati uliookoa watu. Lakini siku hizi naona tasnifu nyingi ambazo mtu amechukua modeli ya mwenzake, yenye visanduku vya walio hatarini, walioambukizwa na waliopona, akaongeza kisanduku kimoja cha walioelimishwa, akathibitisha uthabiti kwa njia ileile, akachora grafu nne, akahitimu. Hakuna data hata ya zahanati moja. Ukienda njia hiyo, nenda nayo kwa kweli: kaa na watafiti wa afya wa Ifakara, wa hospitali ya Muhimbili, wa wilaya, ujue namba zako zinatoka wapi. Ukipenda hisabati tupu, yaani aljebra, nadharia ya namba, topolojia, basi jua utakuwa na wenzako wachache wa kuongea nao nchini, na itabidi uwatafute mbali.

Lakini umbali huo si kama zamani. Tangu 1991 kuna hazina ya arXiv ambako wanahisabati huweka makala zao bure hata kabla ya kuchapishwa. Na kanzidata ya zbMATH, inayoorodhesha na kueleza kwa ufupi makala za hisabati, iliyokuwa ya kulipia, imefunguliwa kwa wote tangu 2021. Mtu wa Singida mwenye bando anasoma makala ya Princeton siku ileile inayotoka. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwuliza kwenye korido, "Hivi hapa kwenye mstari wa tatu amefanyaje?" Na korido hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa ya kwenda chuo, kuliko maktaba na kuliko cheti.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafanya uzamivu Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akamaliza 1986. Ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata uzamivu wa hisabati. Tasnifu yake ilihusu mwendo wa vimiminika visivyo vya kawaida ndani ya bomba la duara. Maji ni kimiminika cha kawaida: ukiyasukuma kwa nguvu mara mbili, yanakuitikia kwa kiasi unachotarajia. Damu, rangi nzito, hata uji, havina tabia hiyo, unene wake hubadilika kadiri unavyovisukuma, na milinganyo yake ni migumu kiasi kwamba unaitatua kwa kukadiria hatua kwa hatua kwenye kompyuta. Kompyuta za miaka ya 1980, kumbuka. Baadaye alifundisha Dar es Salaam miaka mingi, akaenda Rwanda, kisha akarudi Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Katikati ya yote hayo alifanya kazi kubwa ya kuwavuta wasichana kwenye hisabati na sayansi, na kuandika juu ya elimu. Ukitazama maisha ya namna hiyo utaona kwamba hisabati yenyewe ni sehemu moja tu ya uprofesa. Sehemu nyingine ni kujenga idara ambayo haikuwepo, na wanaoifanya mara nyingi hulipia kwa thiorem ambazo hawakupata muda wa kuzithibitisha.

Sasa njia yako wewe. Waliobakizwa chuo walianza kama Wakufunzi Wasaidizi mara tu walipohitimu. Wewe utaingilia juu zaidi, kama Mhadhiri Msaidizi mwenye uzamili. Matangazo ya vyuo vya umma, ambayo siku hizi mengi hupitia Sekretarieti ya Ajira, huwa yanataka GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ya kwanza umeivuka. Ya pili ndiyo shughuli, na haisameheki: ukitoka na 3.9 ya uzamili, hata ukiwa hodari namna gani, jina lako linaondolewa na karani kabla mwanahisabati yeyote hajaliona. Siupendi utaratibu huo. Kijana aliyefeli kozi moja ya mwaka wa kwanza kwa sababu ya msiba anafungiwa mlango kwa maisha yote. Ila ndio uliopo, basi panga kozi zako kwa kuukumbuka.

Uzamili wa hisabati unapatikana Dar es Salaam na Dodoma, na Taasisi ya Nelson Mandela kwa upande wa hisabati tumizi. Nje ya nchi kuna AIMS, yaani Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, mtandao ulioanzishwa Muizenberg, karibu na Cape Town, mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi hapa kwetu, wazazi wake wakiwa uhamishoni kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Kituo cha Kigali kilifunguliwa 2016. Uzamili wao ni wa takriban miezi kumi, wenye ufadhili kamili, mnalala na kula hapohapo na wakufunzi, na mabishano ya ubaoni huendelea hadi usiku. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi bila mwenzake wa kuongea naye hisabati, ni dawa. Angalia tu mapema jinsi alama zao zitakavyotafsiriwa kwenye GPA ya hapa, nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na cheti mkononi kabla hujaomba kazi.

Kwa uzamivu, ulizia kama mpango wa mashirikiano na Sweden bado upo. Kwa muda mrefu Chuo Kikuu cha Uppsala, kupitia programu yake ya kimataifa ya sayansi, kimesaidia idara za hisabati za Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Rwanda na Zambia. Mwanafunzi hukaa miezi kadhaa Sweden, anarudi nyumbani, anakwenda tena, na ana msimamizi kila upande. Wahadhiri wengi unaowaona leo wamepita humo. Ukiwa na mke na mtoto, utaratibu huo ni wa kibinadamu kuliko kutoweka miaka minne, lakini shemeji ajue mapema kwamba kutakuwa na misimu ya kulea peke yake, na ajue kutoka kwako, si kutoka kwenye barua ya udhamini.

Fedha nitazipitia haraka. Mshahara wa mhadhiri unazidi wa mwalimu wa sekondari, na wa profesa unazidi zaidi. Ila mwanahisabati hapati zile kazi za ushauri wanazopata wahandisi na wachumi. Wengi huongezea kwa vibarua vya kufundisha vyuo vingine jioni, na vibarua hivyo ndivyo vinavyokula zile saa za kukwama nilizokueleza. Nimeona watu wenye vipaji halisi wakimalizwa na Jumamosi. Takwimu na hisabati ya bima zina soko zuri zaidi, kama hilo ni muhimu kwako, na si aibu likiwa muhimu.

Usiache kazi. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako kwa maandishi, ipite kwa mkuu wa shule hadi halmashauri, usiondoke kabla ya barua ya ruhusa kufika. Nimeshuhudia mwalimu akipata ufadhili, akaondoka kwa ahadi ya mdomo, akarudi likizo akakuta jina lake limetolewa kwenye orodha ya mishahara kwa utoro.

Wakati unasubiri, rudi kwenye analisisi ya namba halisi na aljebra ya mstari. Hizo mbili ndizo zinazowaangusha walimu wanaorudi chuo, kwa sababu miaka ya kufundisha imewafanya wawe wepesi wa kukokotoa na wazito wa kuthibitisha. Chukua kitabu chochote cha mwaka wa pili, funika uthibitisho kwa karatasi, ujaribu mwenyewe kabla ya kufunua. Anza na hili: thibitisha kwamba kati ya namba mbili halisi zozote zisizo sawa kuna namba isiyo sehemu, yaani isiyoweza kuandikwa kama namba nzima juu ya namba nzima. Ukishamaliza, thibitisha kwamba zipo nyingi zisizo na mwisho. Andika kila hatua kana kwamba anayesoma anakutilia shaka. Kama baada ya miezi miwili ya namna hii bado unaamka unaiwaza, omba.

Na wiki hii waandikie walimu wako wawili wa chuo wanaokukumbuka, uwaombe barua za kukutambulisha. Watumie matokeo yako na sentensi tatu za unachotaka kusoma, usiwaachie wakisie. Maombi ya AIMS hujazwa mtandaoni na AIMS huwasiliana na walimu wako hao moja kwa moja, kwa hiyo hakikisha anwani za barua pepe unazoandika ni zile wanazozifungua kweli.